Majibu ya Mtoto Hayapotei Njiani

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI huleta mtoto kliniki akitimiza wiki 6. Tunamdunga kisigino, matone ya damu yanakaushwa kwenye kadi, na kadi inasafirishwa hadi maabara kubwa, kama zile za KEMRI. Akina mama huniuliza: Sista, katika kadi hizo zote, ya mwanangu itajulikanaje?

Si kwa jina pekee. Akina Achieng na Wanjiku ni wengi! Kadi ina nambari, na maabara huipa kibandiko chenye mistari myeusi, kama ile ya pakiti ya sabuni. Mashine husoma mistari hiyo, hupima damu, kisha hupeleka majibu kwenye kompyuta bila mtu kuyanakili kwa mkono. Yakishathibitishwa, kliniki huyasoma kupitia intaneti, hata kabla karatasi haijafika.

Lakini kompyuta hujua tu ulichoiambia. Nikikosea nambari, au wewe utoe jina lingine kwa kuogopa majirani, majibu yatafika yamkose mwenyewe. Na muda ni haba: bila dawa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka 2.

Kwa hivyo isome fomu pamoja nasi kabla kadi haijaondoka: nambari ya mtoto, tarehe ya kuzaliwa, simu yako. Ukibadilisha laini, tuambie. Siku uliyopewa ikifika, njoo. Hata stima ikiwa imepotea, tutapigia maabara simu tukiwa na ile nambari.