Pumzi Haingoji Mtumbwi

Tangu Juni 19, 2025, Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa, gari la wagonjwa litokalo Busisi halingoji tena kivuko. Huvuka kilomita 3 za maji kwa dakika chache, likaingia Kigongo, wilayani Misungwi, na kwa kupitia Usagara likafika Bugando. Twaipongeza kazi hiyo bila kigugumizi. Lakini daraja halikuanzia Kome wala Maisome. Ndugu yetu wa huko aliyeshikwa na homa kali ya mapafu, au ambaye moyo umemlegea hata mapafu yakajaa maji, bado hupakiwa chomboni kwanza.

Mgonjwa wa namna hiyo hupewa oksijeni kwa mpira wa puani. Isipomtosha, ipo njia ya kati kabla ya kumwingiza mpira kooni na kumwachia mashine impumulie, kazi ambayo huhitaji chumba cha mahututi. Barakoa hubanwa usoni, na hewa yenye oksijeni husukumwa kwa nguvu isiyokoma, hata anapotoa pumzi, ili vifuko vya mapafu visinywee. Wala si jambo la jana. Mwaka 1936 Dakta Poulton wa London aliwatibu watu wazima waliojaa maji mapafuni kwa upepo wa mashine ya kufyonza vumbi! Na katika utafiti wa Uingereza juu ya UVIKO-19, uliochapishwa mwaka 2022, waliofariki au kulazimika kuingizwa mpira kooni walikuwa asilimia 36 ya waliopata msaada huu, na asilimia 44 ya wenzao waliopewa oksijeni ya kawaida.

Hata hivyo, ndugu maofisa, zisinunuliwe mashine za kupamba stoo. Hula oksijeni nyingi, zataka umeme usiokatika, na zaidi ya yote zataka muuguzi asiyebanduka kitandani. Aliyezimia au anayetapika hafai kuvikwa barakoa hiyo, na asiyepata nafuu upesi hana budi kusafirishwa mbele, akiwa na oksijeni ya kutosha njia nzima.

Mwaka 2021 Taifa lilipokea mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu yake ilielekezwa kwenye vyumba vya mahututi na oksijeni. Kwa hiyo tunauliza: Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe, ni hospitali ipi yenye mashine hii leo, na ni nani aliyefundishwa kuiendesha zamu ya usiku? Wahusika wajibu kwa orodha, nayo ibandikwe kwenye kila mwalo, ili nahodha ajue wapi pa kuelekeza chombo.