MASHINE YA HESABU ILIYOZALIWA KATIKA BIASHARA YA CHAI

Wengi hudhani kwamba kompyuta ya kwanza kufanya kazi za makarani ilitoka jeshini au katika benki kubwa. Sivyo. Ilitoka London, katika kampuni ya J. Lyons, iliyojulikana kote Uingereza kwa chai, mikate na keki zilizouzwa katika mikahawa yake zaidi ya 200.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Mtu auzaye meli huandika hati chache kwa mwaka. Lakini auzaye kikombe cha chai na kipande cha keki huandika maelfu kila juma, na faida ya kila kimoja ni ndogo mno. Mishahara ya makarani yaweza kuimeza yote. Kwa hiyo mwaka 1947 kampuni iliwatuma Bwana T. R. Thompson na Bwana Oliver Standingford kwenda Marekani kutazama mambo mapya ya ofisini. Huko Princeton walionana na Dakta Herman Goldstine, mmoja wa wataalamu wa ENIAC, mashine iliyobuniwa kwa hesabu za mizinga. Yeye ndiye aliyewaarifu kwamba karibu na kwao, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Dakta Maurice Wilkes alikuwa akijenga mashine ya namna hiyo. Walikuwa wamevuka bahari kutafuta kilichokuwa jirani yao!

Kampuni ikampa Wilkes pauni 3,000 pamoja na fundi mmoja wa kumsaidia. Mashine yake, EDSAC, ilipiga hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Ndipo kampuni ilipoanza kujenga ya kwake kwa mfano huo, chini ya mhandisi Bwana John Pinkerton, ikaiita LEO.

Msomaji asidhani kwamba LEO ilikuwa kitu cha kuwekwa mezani. Ilijaza chumba kikubwa. Ndani yake mlikuwa na vali karibu 6,000, yaani taa ndogo za kioo kama zile za redio za zamani, na kazi yake ilikuwa kuruhusu umeme au kuuzuia. Kwani mashine za namna hiyo huandika kila tarakimu kwa alama mbili tu, umeme upo au haupo. Cha ajabu zaidi kilikuwa kumbukumbu yake. Tarakimu ziligeuzwa kuwa mitetemo, mfano wa sauti, zikapitishwa katika mirija mirefu iliyojaa zebaki. Zilipofika mwisho wa mrija zilirudishwa mwanzo, zikazunguka hivyo mpaka zilipohitajiwa, kama mtoto aliyetumwa dukani anavyokariri njiani alichoagizwa asije akakisahau.

Mwishoni mwa Novemba 1951 LEO ilianza kukadiria thamani ya mikate na keki zilizookwa kila juma. Kazi hiyo ikichelewa siku moja, hakuna alalaye na njaa. Mishahara ni jambo jingine. Mwokaji mikate alitazamia ujira wake siku ya Ijumaa, na watu wa nyumbani walimngojea. Je, vali moja kati ya 6,000 ikifa usiku wa Alhamisi, nani atamweleza?

Basi kabla ya kazi mafundi wa Pinkerton walipunguza na kuzidisha nguvu za umeme kwa makusudi, ili vali iliyo dhaifu ishindwe wakati wa majaribio na kubadilishwa mapema. Naye Bwana David Caminer, msimamizi wa wale walioandika maagizo ya mashine, hakukubali agizo lolote litumike kabla halijasomwa na mtu wa pili. Huenda uangalifu huo ulikuwa na thamani kuliko vali zote. Majaribio yalikuwa mengi, na mwezi wa Februari 1954 LEO ikakabidhiwa hesabu ya mishahara. Karani mzoefu alihitaji dakika 8 kwa hesabu ya mfanyakazi mmoja. LEO ilihitaji sekunde moja na nusu.

Mwaka huohuo ilipewa pia kazi ya mikahawa. Kila mkahawa ulikuwa na oda yake ya kawaida, na msimamizi wake alipiga simu kueleza mabadiliko tu: keki zaidi leo, mikate michache kesho. Aliyepokea simu alitoboa matundu katika kadi palepale alipokuwa akisikiliza, na kadi hizo zikaingizwa katika mashine.

Makampuni mengine yakaja kuomba kazi zao zifanywe, hata Lyons ikaanzisha kampuni ya kuunda na kuuza kompyuta. LEO ya kwanza iliendelea na kazi hadi mwaka 1965, ikazimwa na kufumuliwa.