Maji ya Mkondoa na Kitambaa cha Kuchujia

Mto Mkondoa, upitao Kilosa, hugeuka rangi ya udongo kila mvua zinyeshapo. Desemba 2009 ulifurika, ukaharibu nyumba na reli.

Twajua kina mama huacha maji mtungini usiku kucha hata tope litue, kisha huyamimina polepole na kuyachuja kwa kitambaa kilichokunjwa. Njia hiyo ni njema. Unga wa mbegu za mlonge huiharakisha, maana huzishikamanisha chembe ndogo, nazo zikiwa nzito huzama.

Lakini ninyi walimu, msiwafundishe watoto kwamba maji meupe ndiyo maji safi! Vijidudu vya homa ya matumbo hupenya kitambaani. Hatuna budi kuyachemsha. Chumvi iliyoyeyuka nayo haitui wala haichujiki. Atakaye maji yasiyo chumvi na aukinge mvuke kwa kifuniko baridi.

Kusini ya Mikumi, huko Kidatu, kiwanda cha Kilombero huchemsha maji ya miwa hata chembe za sukari zigande. Kisha pipa lenye matundu huzungushwa kwa kasi, molasi ikarushwa nje, sukari ikabaki. Nako ni kuchuja, ila kwa nguvu.