Maji ya moto kwa jua Tanga: Yajue haya kabla fundi hajapanda juu ya bati

Saa tisa alasiri, fungua koki iliyounganishwa na simtank jeusi linalopigwa na jua, iwe Ngamiani, Chumbageni au Raskazone. Maji yatatoka ya moto, na LUKU haijaguswa hata uniti moja.

Fungua koki hiyohiyo saa kumi na moja alfajiri. Maji ni ya baridi. Joto lote la mchana limeshaondoka usiku.

Mtambo wa kupasha maji kwa jua unatatua tatizo hilo moja tu: kulikamata joto la mchana na kulitunza mpaka utakapolihitaji. Si teknolojia mpya. Mmarekani Clarence Kemp wa Baltimore alipata hataza ya hita ya jua mwaka 1891.

Lakini pwani ya Tanga ina mambo yake. Jua lipo. Kinachoweza kukupotezea hela ni vitu vingine: chumvi, chokaa, paa lako na fundi anayefanya kazi kwa mazoea.

Kwa nini watu wanaanza kuuliza habari za jua?

Jibu fupi: shawa ya umeme.

Chukua mfano wa nyumba ya watu wanne. Shawa yao inakula kilowati 5, na kila mtu anaoga dakika 10 kwa siku. Jumla ni dakika 40, yaani kama uniti 3.3 kila siku. Kwa mwezi, kuoga peke yake kunameza uniti 100.

Sasa angalia bei. Kwa viwango vilivyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa Sh100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukizidisha hapo, kila uniti ya ziada ni Sh350. Mteja wa T1 hulipa Sh292 kwa kila uniti. Hizo ni bei kabla ya VAT na tozo za REA na EWURA, ambazo kwa pamoja huongeza asilimia 22.

Tuseme nyumba hiyo bila shawa inatumia uniti 60. Ikiwa D1, bili yake ni kama Sh7,300 kwa mwezi. Ongeza uniti 100 za kuoga, bili inaruka hadi kama Sh45,000. Ikiwa T1, uniti hizo 160 ni kama Sh57,000. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU haimo humo.

Hata wakioga dakika tano tano, bado wanapita uniti 75. Ndiyo maana wengi hushangaa: "Mbona hatujaongeza friji wala feni, na umeme unaisha haraka?"

Mtambo unafanyaje kazi?

Kanuni yake ni rahisi: maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo hupanda juu.

Chini kuna sehemu inayopokea jua. Juu yake kuna tenki lililofunikwa vizuri lisipoteze joto. Maji yakipata moto yanapanda yenyewe kwenye tenki, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu, hakuna umeme. Jua likizama mzunguko unasimama, na tenki linabaki na joto lake hadi asubuhi.

Usichanganye na sola ya taa. Paneli ya umeme hugeuza takribani moja ya tano tu ya nguvu ya jua kuwa umeme. Mtambo wa kupasha maji huchukua joto lenyewe moja kwa moja, na siku ya jua kali unaweza kunasa zaidi ya nusu yake. Ile paneli yako ya kuchajia simu na kuwashia taa usitegemee iendeshe hita.

Aina mbili, chagua kulingana na unapoishi

Ya kwanza ni ya bapa: boksi lenye kioo juu, na ndani bati jeusi lenye mabomba, mara nyingi ya shaba. Ni ngumu, inavumilia, na kwa joto la Tanga mjini, Pangani au Muheza inatosha kabisa.

Ya pili ni ya mirija ya kioo. Kila mrija una kuta mbili, na katikati hewa imenyonywa, sawa na chupa ya chai inayotunza joto. Jua linaingia, joto halitoki kirahisi. Hii inang'ara zaidi kwenye baridi, kwa mfano Lushoto, takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi za Juni na Julai maji ya bomba yanauma vidole.

Ukinunua ya mirija, hesabu mirija yenyewe. Kanuni inayotumika sana ni mrija mmoja wa mita 1.8 kwa kila lita 10 za tenki. Tenki la lita 200 liwe na mirija 20. Ukiuziwa tenki kubwa lenye mirija michache, ujue umepigwa: litajaa maji ya uvuguvugu.

Lita ngapi zinakutosha?

Maji ya nyuzi joto 60 hauogi hivyohivyo, unayachanganya. Lita 100 za moto ukizichanganya na maji ya kawaida ya pwani unapata kama lita 240 za kuoga, sawa na ndoo kubwa 12.

Kwa hiyo familia ya watu wanne au watano, tenki la lita 150 linatosha. Gesti au nyumba yenye watu wengi ipigiwe hesabu yake.

Kumbuka jambo moja. Maji yakitumika jioni, tenki linajazwa maji ya baridi, na hakuna jua la kuyapasha hadi kesho. Wote mkioga saa mbili usiku, wa alfajiri atalalamika. Hilo si kosa la mtambo.

Mambo manne ya pwani ambayo fundi anaweza asikwambie

*1. Chumvi ya hewani.* Upepo wa bahari unakula chuma. Angalia mabati ya nyumba za karibu na ufukwe, utaona. Stendi ya chuma cha kupaka rangi itaanza kutoka kutu mapema. Omba stendi ya alumini au chuma kisichoshika kutu, na boliti zake ziwe za aina hiyohiyo. Stendi nzuri yenye boliti mbovu ni kazi bure.

*2. Maji ya kisima.* Ukanda huu una mawe ya chokaa, hayohayo yaliyotengeneza Mapango ya Amboni. Kipimo cha nyumbani ni birika lako. Kama chini yake kuna ukoko mweupe, ukoko huohuo utajijenga ndani ya tenki na mabomba, na mtambo utapunguza nguvu mwaka hadi mwaka.

Maji yenye chumvi ni hatari zaidi, maana yanaweza kutoboa hata tenki la chuma kisichoshika kutu. Kama una maji ya bomba, tumia hayo. Kama kisima ndicho pekee, muulize muuzaji kama tenki lina fimbo ya magnesiamu. Fimbo hiyo huliwa na kutu badala ya tenki. Ikaguliwe kila mwaka, ikiisha ibadilishwe.

*3. Maji kukatika.* Mirija ya kioo ikikaa juani bila maji inapata moto mkali sana. Maji ya baridi yakirudi ghafla saa saba mchana, kioo kinaweza kupasuka. Kama maji yalikatika na tenki limekauka, funga koki, ujaze jioni au asubuhi mapema. Dawa ya kudumu ni kuwa na simtank la akiba lililo juu kuliko mtambo.

*4. Uzito.* Lita 150 za maji ni kilo 150, kabla hujahesabu tenki na stendi. Kenchi za mbao nyembamba chini ya bati la msauzi hazikupangiwa mzigo huo. Makuti ndiyo kabisa. Fundi aingie darini kwanza aone kenchi, au mtambo ukae kwenye slabu ya zege au mnara wa pembeni. Akisema "litakaa tu, bosi" bila kupanda kuangalia, tafuta mwingine.

Mtambo uelekee wapi?

Kaskazini. Kwa lugha ya Tanga: uangalie Horohoro, siyo Pangani.

Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Ndani ya miezi hiyo kuna mvua za masika na baridi ya kusi, wakati ambao maji ya moto yanatafutwa kweli. Mtambo ulioelekezwa kusini utakuangusha hapohapo.

Uinamishwe kama nyuzi 10 hadi 15. Ukilazwa bapa kabisa, maji hayazunguki vizuri na vumbi linatuama. Hakikisha pia hakuna mnazi wala mwembe unaotia kivuli kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri.

Kwa mtambo wa bapa, tenki liwe juu, na chini yake pazidi ncha ya juu ya sehemu ya kupokea jua kwa kama sentimita 30. Likiwa chini ya hapo, usiku mzunguko unaweza kugeuka, maji ya moto yakashuka na kupozwa.

Bomba na usalama

Bomba la kawaida la PVC halifai kwa maji ya moto, linalegea. Tumia PPR ya daraja la PN20, na bomba zote za moto zivikwe sponji maalumu ya kutunza joto. Bomba likikatiza mita nyingi juu ya paa bila kuvikwa, umelipia joto kisha ukaligawia upepo.

Usalama nao si mchezo. Jua la Tanga linaweza kufikisha maji nyuzi 60 na kuendelea, na maji hayo yanamuunguza mtoto ndani ya sekunde chache. Weka valvu ya kuchanganya maji kabla ya bafu, au angalau fundisha nyumba nzima kufungua baridi kwanza, moto baadaye. Mtambo wenye presha lazima uwe na valvu ya usalama.

Mitambo mingi huja na hita ndogo ya umeme kwa siku za mawingu. Iwe na swichi yake, na ikae imezimwa. Kuna watu wanajisifu wanaoga maji ya jua kumbe hita iko "on" mwezi mzima, LUKU inalia. Hita hiyo iwe na waya wa ethi, kama shawa yoyote ya umeme.

Hela inarudi lini?

Usikubali jibu la jumla. Piga hesabu yako.

Tuseme, kwa mfano tu, kila kitu hadi kufungwa kimekugharimu Sh1.5 milioni. Kama uko T1 na shawa ilikuwa inakula uniti 100, ulikuwa unalipa kama Sh35,600 kwa mwezi kwa kuoga tu. Toa siku za mvua, sema unaokoa Sh30,000. Hela yako inarudi baada ya miezi 50, miaka minne na kidogo. Kama mtambo ukidumu miaka kumi, iliyobaki ni faida. Ukiliwa na kutu mwaka wa tatu, umepata hasara. Ndiyo maana ile stendi na ile fimbo si vitu vya kubania.

Kama nyumbani kwako huwa mnaoga maji ya baridi na mmeridhika, mtambo hautakuokolea hata shilingi. Hapo unanunua raha, na hakuna ubaya, ila ujue hivyo. Wenye faida ya wazi ni wenye gesti, nyumba zenye wazee au watoto wachanga, na watu wa milimani wanaonunua kuni au mkaa wa kuchemshia maji.

Kama umepanga, andikianeni na mwenye nyumba kabla: siku ukihama, mtambo ni wa nani?

Wenzetu wamefanyaje?

Kenya ilitoa kanuni mwaka 2012 zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge mitambo ya jua. Israel iliweka sharti kama hilo kwa nyumba mpya tangu mwaka 1980. Kwa anayejenga sasa hivi, somo ni dogo: pitisha bomba la maji ya moto ukutani kabla ya plasta, hata kama mtambo utaununua baada ya miaka miwili. Kubomoa vigae vya bafu baadaye ni gharama nyingine.

Muulize fundi maswali haya matano

- Umeangalia kenchi zangu?
- Mtambo utaelekea upande gani?
- Stendi na boliti ni za chuma gani?
- Tenki lina fimbo ya magnesiamu, na ikiisha naipata wapi?
- Maji yakikatika mchana, nifanye nini?

Akijibu yote bila kubabaika, mpe kazi. Akikwama kwenye la tatu, kumbuka bahari iko jirani. Na baada ya kufungwa, kila mwezi osha kioo kwa maji yasiyo na chumvi, asubuhi mapema kabla hakijapata moto.