Moto Huzuiwa Kwenye Ramani

Kilima cha Gisozi, mjini Kigali, kinajulikana ulimwenguni kwa makumbusho ya mauaji ya kimbari, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000. Katika eneo hilo hilo lipo Gakiriro, soko kubwa la maseremala. Soko hilo limeungua zaidi ya mara moja, likiwamo janga la mwaka 2021, mwaka ule ule ambao Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, liliteketea usiku wa Julai 10. Nchini Rwanda kikosi cha zimamoto kimo ndani ya Polisi ya Taifa. Kwa hiyo, kosa la mchoraji ramani humwangukia askari.

Kila mwanajeshi anafahamu kwamba maghala ya risasi hayajengwi bega kwa bega. Huachwa nafasi, tena huinuliwa tuta la udongo katikati, ili likilipuka moja mengine yasalimike. Msanifu majengo hana hekima nyingine juu ya karakana za mbao. Hushauri kwamba baada ya kila karakana chache pawe na ukuta mzima wa matofali, usio na tundu, uliopanda hadi kupita bati. Ukuta unaoishia darini ni pazia tu, kwa kuwa moto huambaa chini ya paa na kuteremkia kwa jirani.

Mashine za kuranda hula umeme mwingi. Waya uliokusudiwa taa hupata joto humo darini bila mtu kujua. Mashine, basi, ziwe na nyaya zake nene, na swichi kuu iwe nje, ifikiwe bila kupita ndani. Vanishi na sponji za makochi ziwe na chumba chao mbali na maranda. Sponji ikiungua hutoa moshi wenye sumu, nao huua kabla mwali haujafika.

Njia ya gari la zimamoto haina budi kuchorwa kwanza, vibanda baadaye; na mbao zisirundikwe humo hata kwa siku moja.

Mteremko wenyewe, ambao wajenzi huulalamikia, una faida yake. Tangi likiwekwa upande wa juu, maji hushuka kwa uzito wake hata umeme ukikatika. Mdomo wa bomba lake ulingane na mipira ya zimamoto, na jambo hilo lijaribiwe kabla karakana ya kwanza haijafunguliwa.