Hana presha, hana kisukari, lakini kapata mshtuko wa moyo: Ifahamu SCAD, tatizo linalowapata zaidi wanawake

Mwanamke wa miaka 42. Havuti sigara, hana uzito mkubwa, presha yake iko sawa. Ghafla anashikwa na maumivu ya kifua yanayosambaa mpaka mkononi, jasho linamtoka na pumzi inakata. Akifika hospitali anaweza kuambiwa ni vidonda vya tumbo, au ni mawazo tu. Kumbe moyo wake uko hatarini.

Hali hiyo inaweza kuwa SCAD, yaani kuchanika kwa mshipa wa moyo bila kuumia wala kupasuliwa.

Nini hutokea ndani ya mshipa?

Mshtuko wa moyo uliozoeleka husababishwa na mafuta yanayojijenga taratibu kwenye mishipa kwa miaka mingi. Siku moja yale mafuta yanapasuka, damu inaganda na njia inaziba.

SCAD ni tofauti. Ukuta wa mshipa una tabaka tatu. Tabaka la ndani likichanika, au damu ikivuja katikati ya tabaka hizo, ukuta unavimba kwa ndani na kuibana njia ya damu. Msuli wa moyo unakosa oksijeni na kuanza kufa. Yaani mshtuko ni uleule, chanzo ndicho tofauti.

Nani yuko hatarini?

Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wakiwa na umri wa miaka 40 na kitu hadi 50 na kitu. Kwa watu wote kwa ujumla tatizo hili si la kawaida. Lakini kwa wanawake wa miaka 50 kwenda chini, wataalamu wanakadiria kuwa linaweza kuhusika na hadi asilimia 35 ya mishtuko ya moyo.

Pia ndiyo sababu inayoongoza ya mshtuko wa moyo unaohusiana na ujauzito, hasa wiki za kwanza baada ya kujifungua. Ndiyo maana watafiti wanahisi homoni zina mchango.

Wagonjwa wengi husema kabla ya tukio walipata msongo mkubwa wa mawazo, kama vile kufiwa. Wengine, hasa wanaume, walikuwa wamenyanyua vitu vizito. Wapo pia wenye udhaifu kwenye mishipa mingine, kama ya figo au shingo.

Wagonjwa ndio walioamsha utafiti

SCAD ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya uchunguzi wa mwili wa mwanamke wa miaka 42 aliyefariki ghafla. Kwa miongo mingi iliyofuata ilionekana ni jambo adimu mno, na wengi waligundulika wakiwa wameshakufa.

Mambo yalibadilika baada ya wanawake waliopona kukutana mtandaoni. Mmoja wao alimfuata daktari wa moyo wa Mayo Clinic nchini Marekani, Sharonne Hayes, akamuomba aufanyie utafiti ugonjwa wao. Utafiti wa majaribio ulianza na watu 12 tu waliopatikana kupitia mtandao, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Leo kuna tafiti kubwa Marekani, Canada, Uingereza na Ufaransa.

Mwaka 2023, timu ya kimataifa ilitangaza kupata maeneo 16 kwenye vinasaba yanayohusiana na SCAD. Cha kushangaza, baadhi ya vinasaba vinavyoongeza hatari ya SCAD hupunguza hatari ya ule mshtuko wa moyo unaotokana na mafuta. Hiyo inaonyesha kuwa haya ni magonjwa mawili tofauti.

Kwa nini ni muhimu kujua chanzo?

Kwa sababu matibabu hayafanani. Kwa mshtuko wa kawaida, madaktari mara nyingi hukimbilia kuzibua mshipa na kuweka stenti. Kwa SCAD, kupitisha waya kwenye mshipa uliochanika kunaweza kuuchana zaidi. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda nazo zinaweza kuongeza kuvuja.

Habari njema ni kwamba mishipa mingi hupona yenyewe ndani ya wiki au miezi. Hivyo mgonjwa aliye imara hulazwa siku kadhaa akifuatiliwa kwa karibu, huku akipewa dawa. Stenti au upasuaji hubaki kwa wale ambao hali yao inazidi kuwa mbaya.

Hata hivyo tatizo linaweza kurudi, kwa hiyo ufuatiliaji wa daktari wa moyo ni lazima. Mwanamke aliyewahi kupata SCAD anashauriwa kuzungumza na daktari kabla ya kubeba mimba nyingine.

Usipuuze dalili hizi

Maumivu au mbano kifuani, maumivu ya mkono, taya au mgongo, kukosa pumzi, jasho la ghafla, kichefuchefu na kizunguzungu. Ukizipata, wahi hospitali na usiendeshe gari mwenyewe. Kama umejifungua karibuni, mwambie daktari mapema. Omba kipimo cha umeme wa moyo na cha damu cha troponini. Kipimo cha kwanza kikiwa safi lakini maumivu yapo, uliza kama kinafaa kurudiwa.

Kuwa kijana, mwembamba au mwanamke si kinga.