Michezo ya Afrika: Uwanja wa medali, heshima na mshikamano wa mataifa

MICHEZO ya Afrika ndiyo mashindano makubwa kuliko yote yanayokusanya michezo ya aina mbalimbali barani. Kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka minne, na hushirikisha riadha, soka, ngumi, kuogelea, judo, mpira wa wavu na mingineyo. Hata hivyo, historia yake inaonyesha kuwa mataifa ya Afrika hayakuyaanzisha kwa ajili ya medali peke yake.

Wazo la mashindano hayo lilitolewa katika miaka ya 1920 na Pierre de Coubertin, mwasisi wa Olimpiki ya kisasa. Yalipangwa kufanyika Algiers mwaka 1925, kisha Alexandria mwaka 1929, lakini mipango yote miwili ilivunjika. Tawala za kikoloni hazikuwa tayari kuwaona vijana wa makoloni mbalimbali wakikusanyika na kushindana chini ya jina moja la Afrika.

Ilibidi kusubiri uhuru. Baada ya Michezo ya Urafiki iliyofanyika Madagascar, Ivory Coast na Senegal kati ya mwaka 1960 na 1963, Michezo ya kwanza ya Afrika ilifunguliwa mjini Brazzaville Julai 1965, ikiwa na wanamichezo wapatao 2,500 kutoka nchi takriban 30. Kwa nyingi kati ya nchi hizo, zilizokuwa na umri wa miaka michache tu, hiyo ilikuwa nafasi adimu ya kuipandisha bendera yao mbele ya majirani. Kipchoge Keino wa Kenya alitwaa medali za dhahabu katika mbio za mita 1,500 na mita 5,000.

Michezo ya pili ilicheleweshwa na misukosuko ya kisiasa. Bamako iliyopangwa kuwa mwenyeji mwaka 1969 ilishindwa kufuatia mapinduzi ya kijeshi nchini Mali, na hatimaye Lagos ikaipokea Januari 1973. Huko ndiko Filbert Bayi wa Tanzania, akiwa hajatimiza miaka 20, alipomshinda Keino katika mita 1,500. Mwaka uliofuata, mjini Christchurch, Bayi aliweka rekodi ya dunia katika mbio hizo.

Aidha, mashindano hayo yalikuwa silaha dhidi ya ubaguzi wa rangi. Baraza Kuu la Michezo la Afrika, lililoundwa Bamako mwaka 1966, lilisimamia msimamo wa kuitenga Afrika Kusini. Mwaka 1976 zaidi ya nchi 20, nyingi zikiwa za Afrika, zilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini. Wanariadha waliojiandaa kwa miaka minne walirejea nyumbani bila kukimbia. Afrika Kusini ilikaribishwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Harare mwaka 1995, na miaka minne baadaye Johannesburg ikawa mwenyeji.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kenya ilipoandaa Michezo ya mwaka 1987, uwanja wa Kasarani ulijengwa kwa msaada wa China, na timu yake ya soka ikafika fainali kabla ya kufungwa na Misri bao 1-0. Uwanja huo umeendelea kutumika, ikiwamo katika fainali ya michuano ya CHAN Agosti 2025.

Lakini gharama si ndogo. Zambia iliyopewa Michezo ya mwaka 2011 ilijitoa kwa ukosefu wa fedha, na Maputo ikachukua nafasi hiyo. Michezo iliyopangwa kufanyika Ghana mwaka 2023 nayo ilisogezwa hadi Machi 2024.

Changamoto nyingine ni nyota wakubwa kutoshiriki. Mwanariadha anayeweza kulipwa vizuri katika mashindano ya Ulaya hulazimika kuchagua, hasa ratiba zinapogongana. Hata hivyo, kwa bondia, mcheza judo au mwogeleaji kutoka nchi isiyo na wafadhili, hii ni miongoni mwa nafasi chache za kupambana na walio bora barani. Katika Michezo ya Rabat mwaka 2019 na Accra mwaka 2024, baadhi ya michezo ilitumika pia kutafuta tiketi za Olimpiki.

Kwa sababu hiyo, thamani ya Michezo ya Afrika haiwezi kupimwa kwa jedwali la medali pekee. Keino alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968 katika mita 1,500 alipokutana na Bayi mjini Lagos. Kijana wa Kitanzania hakuhitaji kuvuka bahari ili ajipime na bingwa huyo: alimkuta Afrika, akamshinda Afrika.